Anayekwenda Toraja ajue anakwenda msibani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niseme juu ya Toraja, nchi ya milimani katika kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, ambayo picha zake zinazunguka sana kwenye simu zetu hapa Tanga. Zinazopendwa ni za maiti waliovishwa suti na miwani, na chini yake pameandikwa kwamba huko wafu hutembea. Si kweli. Hiyo ni ma'nene, kazi ya kufungua makaburi, kusafisha miili ya wazee na kuwabadilisha nguo. Hufanywa na baadhi ya koo za upande wa kaskazini, kama Baruppu', baada ya mavuno, aghalabu Agosti, tena si kila mwaka. Miili hubebwa na watoto na wajukuu kwa heshima zote. Gazeti likichapa picha hizo, lieleze hivyo.

Linaloniuma zaidi ni kuona safari ya Toraja ikiuzwa kama tamasha. Kinachowavuta wageni wengi huko ni rambu solo', nayo ni mazishi. Mtu akifa hazikwi siku hiyo wala wiki hiyo. Mwili hutiwa dawa na kukaa nyumbani miezi, pengine miaka, na mpaka siku ya mazishi marehemu huhesabiwa mgonjwa: husemeshwa, hupelekewa chakula. Familia inangoja fedha zitimie na ndugu walio mbali warudi. Ndiyo maana misiba mingi huangukia Julai na Agosti, na tena Desemba watu wanaporudi kwa Krismasi. Tarehe hupangwa na wenye msiba, na huweza kusogezwa. Kwa hiyo wakala anayekuahidi mazishi ya tarehe fulani, miezi sita kabla, anakudanganya. Panga kulala Rantepao, mji wanakofikia wageni wa Toraja, usiku nne au tano, na siku ileile unayofika utafute mwongoza watalii mzaliwa wa hapo. Yeye ndiye anayejua nani anazika, na wapi.

Sisi watu wa pwani tunajua kwamba msibani mtu haendi mikono mitupu. Kule ubani wa mgeni ni sukari, kahawa au katoni ya sigara, na hukabidhiwa kwa wenye msiba kabla ya kukaa. Vaa nguo nyeusi. Vibanda vya mianzi vinavyouzunguka uwanja vina namba, na kila kimoja kina ukoo wake, hivyo kaa ulipoonyeshwa. Wageni huingia kwa misururu, ukoo baada ya ukoo, nguruwe wakibebwa kwenye mianzi, na karani anaandika daftarini nani kaleta nini, kwa sababu kila mnyama ni deni litakalolipwa msiba utakapofika upande wa pili. Anayekatiza msururu ili apige picha anawavunjia watu adabu. Nyati wa kufugwa huchinjwa hadharani, kwa pigo moja la panga kooni, na msiba wa watu wa tabaka la juu huweza kuchukua nyati 24 na kupita. Watoto wadogo wasipelekwe siku hiyo.

Kwa Waislamu, ambao kwetu ni wengi: Watoraja walio wengi ni Wakristo, na nguruwe yupo karibu kila karamu. Pa'piong, yaani nyama iliyoshindiliwa na majani ndani ya mwanzi kisha ikapikwa juu ya moto, mara nyingi ni nguruwe. Ipo ya kuku na ya samaki, ila ya kuku uliza nani kachinja. Rantepao mjini upo msikiti, na wapo Wajawa na Wabugis, watu wa makabila mengine ya Indonesia, wanaouza chakula cha halali. Shiba huko kabla ya kwenda vijijini.

Njia ni hii. Dar es Salaam hadi Jakarta kupitia Doha au Dubai, kisha ndege ya saa mbili na nusu hivi hadi Makassar, mji mkubwa wa kusini mwa Sulawesi, halafu basi la kilomita 320 hivi, saa nane mpaka kumi. Wengi hupanda basi la usiku ili waokoe hela ya hoteli. Ni hasara, maana mandhari yote inapita gizani. Basi la asubuhi hufuata pwani hadi Parepare, na kuanzia Enrekang barabara inapanda ikizunguka milima. Anayetapika kwenye kona za Mombo hadi Lushoto ameze dawa kabla ya hapo. Uwanja wa ndege wa Toraja, karibu na Makale, ulifunguliwa rasmi mwaka 2021, lakini ndege ni ndogo, safari chache, na ukungu huzifuta. Usiunganishe na ndege ya kurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Batutumonga, kijiji kwenye mbavu za mlima Sesean, iko juu ya mita 1,300, na usiku bila sweta hulali. Panda kwa gari asubuhi mapema kabla mawingu hayajashuka, kisha teremka kwa miguu kupitia Pana hadi Tikala, katikati ya matuta ya mpunga. Novemba hadi Aprili njia hiyo ni utelezi mtupu. Aprili 2024 maporomoko ya udongo yaliua watu Tana Toraja. Nenda kati ya Juni na Septemba.

Kijiji cha kale cha Kete Kesu usipite mbio. Nyumba zao, tongkonan, zimepangwa safu zikitazama kaskazini, na mkabala wake yako maghala ya mpunga. Nguzo za ghala ni za mti wa jamii ya mnazi, za mviringo, zimelainishwa mpaka zinateleza, panya asipate pa kushika. Kwenye nguzo ya mbele ya nyumba hesabu pembe za nyati: ndizo kumbukumbu ya misiba ya ukoo huo. Londa, penye makaburi ya mapangoni, utaingia na mtu wa karabai. Mifupa na majeneza usiguse. Sanamu za wafu, tau-tau, ziliibwa sana miaka ya 1980 zikauzwa kwa wakusanyaji wa nje, kwa hiyo usinunue yoyote unayoambiwa ni ya kale.

Soko la nyati la Bolu huchangamka kila baada ya siku sita, kwa hesabu ya kwao isiyofuata wiki yetu. Uliza siku yake mara unapofika. Beba rupia taslimu za vijijini, na adapta ya pini mbili za mviringo, kwani plagi zetu za pini tatu haziingii kule. Viza ulizia ubalozi wa Indonesia, Dar es Salaam, kabla ya kulipia tiketi.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga