Halaiki na mbio zako

Mwanangu,

Marahaba. Huku Moshi hatujambo, mvua imeanza na mama yako ameshapanda mahindi.

Kwenye simu ulisema umechaguliwa kwenye halaiki, yale maonyesho ya vijana wengi wakifanya viungo kwa pamoja, ya sherehe za Muungano hapo uwanja wa Sheikh Amri Abeid na hutaki, kwa kuwa wewe ni mkimbiaji na halaiki ni mambo ya serikali, si michezo. Hapo sikubaliani nawe.

Yale mazoezi ya viungo unayoyaona kwenye Olimpiki, wanaponing'inia kwenye vyuma, yana mkono wa Mjerumani Friedrich Ludwig Jahn. Mwaka 1811 alifungua uwanja Hasenheide, Berlin. Prussia ilikuwa imeshapigwa na Napoleon, naye alitaka vijana wakakamae wamtoe Mfaransa. Baadaye watawala wenyewe wakawaogopa vijana wale, wakapiga marufuku mazoezi yao mpaka 1842. Hebu fikiria, serikali nzima kuogopa watu wanaopinduka! Huko Prague nako, Wacheki wakiwa chini ya Austria, walianzisha chama cha Sokol mwaka 1862, na mwaka 1882 wakafanya tamasha lao kubwa la kwanza, umati ukinyoosha viungo kwa pamoja. Kama ile si halaiki, basi sijui ni nini.

Tuje kwenye mbio zako. Olimpiki ya 1896 ilifunguliwa Athens siku Wagiriki wanapoadhimisha uhuru wao. Mashindano ya marathoni hayakuwepo kabla ya hapo. Mfaransa Michel Bréal ndiye aliyeyapendekeza, kwa kumbukumbu ya tarishi wa vita vya kale vya Wagiriki. Wenyeji walikuwa hawajashinda shindano hata moja la riadha. Ghafla Spyridon Louis, mchota maji, akaingia uwanjani akiongoza, na wana wa mfalme wakashuka kukimbia naye hadi mwisho. Bila shamrashamra ile, sidhani kama leo wageni wangejaa mjini kwetu kila mwaka kukimbia marathoni ya Kilimanjaro.

Ubaya upo, sikufichi. Mwaka 1936 Hitler aliigeuza Olimpiki ya Berlin kuwa jukwaa lake. Ungeniambia unaogopa kutumiwa, ningekaa kimya nikusikilize. Lakini wewe umesema si michezo.

Mwombe mwalimu akuachie jioni mbili za kukimbia. Raba nimezituma kwa basi la asubuhi. Kazichukue stendi kabla ya saa sita, namba ya kondakta iko kwenye meseji.

Baba yako