Vyumba vipo tupu, kijana analala kwenye basi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba vijana wanaolala nje huku Uingereza wamejitakia, eti serikali ya huku inampa kila mtu nyumba. Ndugu yangu, nani kakudanganya? Ukiwa na miaka 16 au 17 ni kweli kaunsili, yaani serikali ya mtaa, lazima ikushughulikie maana kisheria bado mtoto, ila ukishagonga 18, una afya yako na huna mtoto, hapo ndo utajua hujui. England kuna sheria imeanza kutumika Aprili 2018, inasema kaunsili ikusaidie kwa siku 56 upate pa kuishi, sasa hiyo kukusaidia yenyewe ni kuandikiwa mpango kwenye karatasi na kupewa namba za kupiga, lakini kitanda cha usiku wa leo si lazima wakupe mpaka ionekane una shida kuliko wenzio. Ofisi inafungwa jioni, kijana anatoka na karatasi yake mkononi anaenda kuzunguka na basi la usiku mpaka kuche.

Na wengi wao wala si wahuni. Sababu kubwa ni ugomvi wa nyumbani, mara baba wa kambo, mara mama kachoka, nyumba ndogo watu wengi, na tusijifanye ni mambo ya wazungu tu, watoto wetu nao wamo, wiki hii kwa mshikaji huyu, wiki ijayo kwa yule, na sisi tukiulizwa tunasema "yuko kwa rafiki yake" yameisha.

Mimi naishi Leeds, na ni hapa hapa Nightstop, mpango wa kuwalaza vijana wasio na pa kulala majumbani mwa watu, ulipoanzia mwaka 1987, siku hizi unasimamiwa na shirika la Depaul UK na umefika miji mingi. Mtu wa kawaida tu mwenye chumba cha ziada anamlaza kijana wa miaka 16 mpaka 25 usiku huo, anampa chakula, bafu, nguo zifuliwe, asubuhi chai na anaondoka kwenda kuonana na wanaomtafutia pa kukaa. Najua mnachowaza, mtu nisiyemjua alale kwangu na wanangu wamo ndani? Kwanza haji kugonga mlango tu, analetwa na ofisi na wameshaulizia habari zake, na wewe mwenyeji ndo unachambuliwa haswa, rekodi ya polisi, wadhamini, wanakuja kuona nyumba, unapewa mafunzo. Wanapiga simu, leo unaweza? Ukisema leo hapana, ni hapana, hakuna wa kukununia, na usiku likitokea jambo kuna mtu wa kumpigia.

Kwa kweli kinachotushinda sisi ni mdomo. Kijana mmoja tuliyeletewa na Nightstop alikaa mezani kwetu na koti lake, begi kalipakata, akaomba chaji na paswedi ya wifi kabla hata hajagusa chakula, mume wangu akaniangalia kama kusema vijana wa siku hizi bwana. Kumbe anasubiri meseji ya kaunsili na simu ilizima tangu mchana, na mtu asiye na nyumba simu ndo anwani yake. Ilipowaka tu akavuta sahani, chapati na maharage, nikaenda kuongeza. Sikumuuliza kafukuzwa na nani wala kafanya nini. Shangazi yangu angekuwepo angemhoji mpaka ukoo!

Sisemi ndo dawa, nyumba lazima serikali ijenge, usiku mmoja ni usiku mmoja. Na wenye fleti ya vyumba viwili na watoto wanne siwalaumu, waliopanga nao itabidi wamuulize mwenye nyumba kwanza. Nawasemea wale ambao watoto wameshaoa na kuolewa, vyumba vimebaki vya kuhifadhia mapipa ya kutuma nyumbani, halafu harambee za msikitini na kanisani wako mstari wa mbele.

Ombi langu Mhariri, viongozi wa vyama vyetu wawaalike hao watu wa Nightstop kwenye mkutano tuwabane kwa maswali wenyewe. Na asiye na chumba ila ana gari asijitoe, sehemu nyingine wanatafuta pia wa kumfikisha kijana kwa mwenyeji wake jioni.

Msomaji wenu,
Leeds, Uingereza