Barua kutoka Phoenix kwa shosti anayehamia jangwani

Phoenix, Arizona

Shosti wangu Neema,

Salamu nyingi sana. Huku ni wazima, namshukuru Mungu. Nimefurahi mno kusikia kazi umeipata na mwezi wa Agosti unahamia huku. Umeniuliza mtu asiye na mume wala mtoto, asiyemjua yeyote, anafanya nini siku za mapumziko kwenye mji wa jangwani. Hilo si swali la kujibu kwa ujumbe wa simu.

Kwanza ujue unaingia wakati mgumu. Kwingine Marekani watu hulia upweke Januari kwa sababu ya theluji. Huku upweke ni wa Julai na Agosti. Mwaka 2023 joto lilifika nyuzi 43 na kuzidi kwa siku 31 mfululizo. Watu wanajifungia na viyoyozi vyao, mtaani hupishani na mtu, hata watoto huwaoni nje. Utadhani wenyeji hawapendi wageni, kumbe wamekimbia jua tu. Nakuomba usiuhukumu mji huu kabla Oktoba haijafika.

Mpaka hapo, ishi kwa saa za jangwa. Mchana kaa ndani, maisha yako alfajiri na usiku. Saa 11 alfajiri utakuta watu tayari wanatembea South Mountain, hifadhi ya jiji yenye ekari zaidi ya 16,000, na kuingia ni bure. Camelback, ule mlima wenye umbo la ngamia aliyelala, ni mita 824 tu lakini usiudharau: kuna sehemu unapanda kwa mikono na magoti. Siku za onyo la joto kali jiji hufunga njia zake mpaka saa 11 jioni, kwa sababu watu wamekufa pale. Shika jambo moja: maji yakibaki nusu, geuka urudi, hata kama kilele unakiona. Na usitoke peke yako bila kuniambia njia unayokwenda na saa ya kurudi. Hilo sitaona aibu kulirudia.

Sasa nikwambie ninachokiamini hasa. Chagua jambo linalojirudia. Marafiki zangu karibu wote wa huku nimewapata kwenye kikundi cha kutembea alfajiri. Mwanzoni hakuna aliyeshughulika nami sana, lakini waliponizoea, nikikosekana wakawa wanapiga simu kuuliza kama naumwa. Shughuli zinazotangazwa kuwa za wasio na wenza zipo pia, nenda ukipenda. Mimi zinanichosha, maana kila mtu amekuja kumpima mwenzake. Mlimani unamjua mtu vizuri zaidi: unaona nani anamsubiri aliyeishiwa pumzi, nani anagawa maji, nani analalamika njia nzima. Kama Mungu amekuandikia mwenza, huko utamwona alivyo. Kama hajakuandikia, una watu.

Siku ambazo hutaki maneno na mtu, nenda Musical Instrument Museum, makumbusho ya ala za muziki yaliyofunguliwa mwaka 2010. Unavaa vifaa vya masikioni, na kila ukisogea karibu na ala unasikia muziki wake. Kila mtu yuko na masikio yake, kwa hiyo hakuna atakayekutazama kwamba umekuja peke yako. Anzia ukumbi wa Afrika. Kuna ubaridi wa kutosha, utakaa mpaka jua lipoe.

Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi tunakwenda mjini, mtaa wa Roosevelt. Nyumba za sanaa hufunguliwa jioni, watu wanauza vitu barabarani, wanamuziki wanapiga, na treni ya mjini inakufikisha hapo hapo, kwa hiyo huhitaji gari. Wengi wanapenda kuelea na maboya kwenye mto Salt River. Kwangu pombe imezidi, siendi.

Joto likikushinda, tutapanda mpaka mji wa Flagstaff. Ni kama saa mbili kwa gari, lakini uko mita 2,100 juu ya bahari, misonobari kila upande, na usiku utataka sweta hata mwezi wa Agosti. Mwaka 2001 ulikuwa mji wa kwanza duniani kutambuliwa rasmi kwa kulinda giza la usiku wake, taa zisifiche nyota. Pale Lowell, kituo ambako Pluto iligunduliwa mwaka 1930, wageni hupewa nafasi ya kutazama anga kwa darubini. Watu wasiojuana wanapanga foleni gizani, na mazungumzo huanza yenyewe: umeona nini, niambie nami nikaangalie.

Kiswahili nacho hutakikosa. Ndugu zetu Wakongo na Warundi ni wengi hapa, na ukiwa nao utakula ugali na kuongea mpaka uchoke.

Basi nitumie tarehe ya ndege na saa ya kufika, nije kukupokea. Ulete kofia pana na viatu vya kutembelea ambavyo umeshavizoea, usinunue vipya njiani, vitakuchubua. Nisalimie mama, mwambie asiwe na wasiwasi, niko.

Wako,
Saida