YAH: BETRI 12 ZA TOCHI ZILIZOANDIKWA 9900 mAh

Ndugu Meneja wa Mauzo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msimamizi wa walinzi wa usiku kwenye ghala la korosho hapa Mtwara. Mwezi uliopita nilinunua kwenye duka lenu la Kariakoo betri 12 za kuchaji za tochi zetu kubwa, kila moja Sh 35,000, zikaletwa kwa basi. Nakala ya risiti nimeiambatanisha.

Kabla ya kulipa nilimweleza muuzaji wenu kwa simu kwamba tochi inakula wati 40, kwamba betri ya zamani ni ya volti 7.4 yenye seli mbili za 18650 (namba ya ukubwa wa seli), na kwamba ndani yake kuna saketi ya kinga, inayozuia seli isijazwe kupita kiasi. Hayo yote hakuyagusa. Alichosema ni, "Bosi, zako ni 3400, hizi ni 9900," yaani mAh, kipimo cha chaji ambayo betri inabeba. Nikajiona nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Hapo nakiri nilizembea.

Usiku wa kwanza mlinzi alisikia vishindo upande wa uzio, akawasha mwanga wa juu kabisa, na kabla hajafika kona tochi ikaanza kufifia. Kesho yake tuliijaza chaji, tukaiwasha huku tunatazama saa: dakika 11. Betri ya zamani, iliyotumika miaka mitatu, bado inafika 25.

Kama 9900 ingekuwa kweli, kwa volti 7.4 hizo ni wati-saa 73, na tochi ya wati 40 ingewaka karibu saa mbili. Fundi wetu alipima moja akapata 1150. Akaifumua, tukapeleka seli kwenye mizani ya sonara: gramu 31. Ya zamani ilikuwa 47. Seli yenye upana wa milimita 18 na urefu wa 65 haibebi 9900. Hata NCR18650B ya Panasonic, ambayo wauza betri wote wanaijua, ni kama 3400 tu. Namba ile ilipaswa kuwashtua ninyi kabla yangu mimi.

Ila kilichonikera zaidi ni saketi ya kinga. Hamna. Seli mbili zikiungwa kwa mfuatano na kuchajiwa hadi volti 8.4, moja ikiwa dhaifu nyingine hupitiliza kikomo chake cha volti 4.2, na hakuna cha kuizuia. Sisi tunachajia kibandani, hatua chache kutoka kwenye magunia ya korosho ghafi, na ganda la korosho lina mafuta yanayochochea moto. Betri moja ilipata joto hadi haishikiki. Siku hiyohiyo nikazizuia zote.

Nilipowapigia niliambiwa nizichaji kwanza kwa muda wa saa nane "ziamke". Ushauri huo ni wa betri za nikeli za zamani. Hizi ni za lithiamu, na lithiamu hailali.

Naomba mnirudishie Sh 420,000, au mniletee betri 12 zenye 3000 mAh za kweli au zaidi, zinazoweza kutoa ampia 8 mfululizo, zenye saketi ya kinga, na zisizozidi urefu wa ile ya zamani maana mpini wa tochi hauna nafasi ya ziada. Vipimo viko nyuma ya risiti. Namba ndogo kwenye lebo hainisumbui, mradi iwe ya kweli.

Nawapa siku 14. Baada ya hapo nitapeleka betri moja, lebo yake na barua hii Tume ya Ushindani.

Zilizobaki nimeziweka nje kwenye ndoo ya mchanga. Sitazirudisha kwa basi, kwa sababu mzigo kama huu haufai kukaa chini ya viti vya abiria. Tumeni mtu wenu azifuate.

Wenu,
Msimamizi wa ulinzi wa usiku,
Mtwara