Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: dagaa wa chanja watengwe na dagaa wa mchangani

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Kwa heshima na taadhima, mimi ni mwanamke ninayeanika na kuuza dagaa katika mwalo wa Igombe, ufuko wa kushushia samaki, Ilemela. Kila semina ya mazingira tunayoitwa huanza kwa kutuuliza kama tunalipenda ziwa letu. Tunalipenda, Mheshimiwa, lakini mapenzi hayanunui miti ya chanja, yaani kichanja cha kuanikia dagaa juu ya ardhi badala ya mchangani, na swali hilo linaikwepa hesabu ambayo mfanyabiashara mdogo huipiga kila jioni kabla ya kukubali kitu kipya.

Tazama jinsi karabai za kuvutia dagaa gizani zinavyoondoka mitumbwini. Mvuvi hakuhubiriwa habari za moshi. Karabai ilikunywa mafuta ya taa usiku kucha, ilhali taa ya betri huchajiwa kwa jua, na mwenye mtumbwi aliiona tofauti hiyo mfukoni. Mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 iliondoka kwa sababu nyingine: sheria ilitugusa sote siku moja, hivyo hakuna aliyeogopa kwamba akiiacha peke yake mteja atahamia kwa jirani.

Chanja haina hata moja kati ya hayo mawili. Sisi tunaoitumia tunawamba nyavu kuukuu, ambazo pengine zingeishia majini, juu ya miti iliyofika kiunoni. Upepo unapita juu na chini, na mvua ya ghafla ikija tunafunika kwa turubai, ilhali anayeanika mchangani mzigo wake unaloa, unaoza, na anauuza kwa bei ya chakula cha kuku. Dagaa wa mchangani ukimfikicha kiganjani anaacha chembe zinazolia kwenye meno. Wa chanja haachi kitu. Lakini tukifika sokoni, dalali huwamwaga wote kwenye lundo moja na kutaja bei moja. Jirani yangu aliivunja chanja yake na kupikia miti yake ugali. Sikumlaumu.

Naomba, basi, soko la Kirumba, ambako wanunuzi hufika hadi kutoka Kongo, litenge sehemu ya dagaa wa chanja pekee, yenye mizani yake, ili mnunuzi achague na bei ijitenge yenyewe. Naomba pia marejesho ya mikopo isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa vikundi vyetu yafuate giza, maana mbalamwezi ikikolea mitumbwi haishuki majini na hatuna cha kuanika, lakini tarehe ya rejesho haijui mwezi wa angani.

Sehemu hiyo ya soko ikipatikana kabla ya mvua za vuli, nitasimamisha chanja ya tatu. Miti nimekwisha kuiulizia bei.

Wako mtiifu,
Mwanika dagaa, mwalo wa Igombe