Risala ya wachezaji wa raga ya viti mwendo kwa Mgeni Rasmi, Chake Chake, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa Mkoa na Wilaya mliofuatana naye,
Masheha wetu,
Mwalimu Mkuu uliyetuazima kiwanja hiki,
Wazazi, majirani na wapenzi wa mchezo,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, aliyetujaalia uzima na kutukutanisha asubuhi hii, ambayo sasa imeshakuwa mchana. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuupokea mwaliko wetu. Tulikuwa tunajua kuwa una shughuli nyingi, na leo tangu saa mbili hadi saa tano na robo tumezidi kujua. Karibu sana. Mgeni njoo mwenyeji apone, wamesema wazee. Shingo na migongo yetu tumeshamwachia Mungu. Tunachotaka kipone kwa ujio wako ni viti.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia yetu ni fupi na tutaifupisha zaidi. Kikundi kilianza na watu watano waliokuwa wakikutana kwenye baraza ya duka la mwenzetu, Machomanne. Wawili walianguka mikarafuuni, mmoja mnazini, mmoja alipata ajali ya bodaboda, na wa tano alizaliwa hivyo. Kila aliyewahi kuchuma karafuu kisiwani hapa anajua kuwa tawi la mkarafuu likitaka kukatika halitoi taarifa. Mchezo wenyewe ulianzia Winnipeg, Kanada, katika miaka ya 1970. Waliouanzisha ni watu kama sisi, ambao udhaifu umewashika miguu na mikono pia, kwa hiyo mpira wa kikapu wa viti ulikuwa ukiwashinda. Kwanza uliitwa mpira wa mauaji, jina ambalo hatujawahi kuliandika kwenye barua ya kuomba ufadhili. Tangu Sydney mwaka 2000 ni mchezo kamili wa medali katika Paralimpiki, na Paris mwaka 2024 Japani walichukua dhahabu kwa kuwafunga Marekani kwenye fainali. Sisi fainali hiyo tuliiangalia kwenye simu moja, watu tisa.

Kuhusu mafanikio, Mheshimiwa, kikundi kimepiga hatua kubwa. Wanachama wameongezeka kwa asilimia 100, kutoka watano hadi kumi. Tumecheza nje ya Pemba, yaani Unguja, mara moja, katika mechi ya maonyesho dhidi ya wenzetu wa mpira wa kikapu, ambapo tulitoa upinzani mkali. Tumetoa elimu kwa jamii, kwani kila tunapofanya mazoezi watoto wa skuli hujazana ukutani wakishangilia tunavyogongana. Tulianzisha pia mradi wa kiuchumi wa ufugaji wa kuku, uliokwenda vizuri mpaka kilipoingia kideri. Lengo letu, Inshaallah, ni kutoa wachezaji wa timu ya taifa, na hilo tunalisema bila kutania, kwa sababu ari tunayo na wachezaji tunao. Kinachokosekana ndicho kilichotufanya tukuandikie barua tatu.

Mheshimiwa, hapa tunaomba utusikilize kidogo, maana neno letu la leo liko hapa.

Mchezo huu huchezwa na watu wanne kila upande, wanaume kwa wanawake, kwenye kiwanja cha ukubwa wa kile cha mpira wa kikapu. Kila mchezaji hupewa pointi kwa kadiri ya uwezo wa mwili wake, kuanzia 0.5 kwa mwenye udhaifu mkubwa mpaka 3.5 kwa mwenye nafuu, na wanne walio uwanjani jumla yao isizidi 8. Akiwemo mwanamke, timu huongezewa nusu pointi. Sisi hatujapata mpimaji, tumejipimia wenyewe kwa kukisia, lakini hesabu tunaielewa: mwenye mkono dhaifu kabisa hawezi kuachwa nje, kwa sababu wenye nguvu wakijazana peke yao jumla inapita. Ndiyo maana tuliupenda mchezo huu. Ni mahali pekee tunapopajua ambapo mtu wa nusu pointi anatafutwa.

Lakini mtu wa nusu pointi hakimbizani na mtu wala hafungi mabao. Kazi yake ni kumnasa adui na kumshikilia pale pale, mwenzake apite na mpira. Hanasi kwa mikono, maana mikono ndiyo hiyo; ananasa kwa bampa ya kiti, iliyotoka mbele kama ndoana. Kiti cha mshambuliaji nacho kina umbo lake, kimeviringishwa mbele na ubavuni ili ndoana ile isipate pa kushika. Magurudumu ya viti vyote viwili hulala, juu yameingia ndani na chini yametanuka. Spoku huzibwa kwa sahani, na nyuma kuna kigurudumu kidogo cha kuzuia mtu asipinduke kisogo. Kila kiti hutengenezwa kwa kipimo cha mwenyewe, kama kanzu ya harusi. Na kugonga kiti cha mwenzako si rafu, ndio mchezo wenyewe.

Sasa tukueleze yaliyotupata, kwa heshima zote.

Mwaka juzi, kwenye hafla kama hii, mgeni rasmi wa siku hiyo alituahidi viti sita vya mchezo. Tulipiga makofi sana, na wale ambao mikono yao haipigi makofi walipiga vigelegele. Baada ya miezi minne ya kimya, katibu wako huyu anayeandika risala alitumwa kufuatilia. Ofisi iko ghorofa ya pili na jengo halina lifti. Nilikaa chini ya ngazi kuanzia saa tatu, nikampa kijana mmoja karatasi yangu apande nayo. Saa sita afisa akatoa kichwa dirishani, akaniona, akanipungia mkono kwa bashasha, akasema kwa sauti: “Katibu, jambo lenu linafanyiwa kazi!” Nikamjibu ahsante. Kumjibu zaidi ya hapo kulitaka niinue sauti mbele ya watu wa sokoni.

Hatuwezi kusema ahadi haikutimizwa, tutakuwa waongo. Viti vililetwa mwaka jana, sita kamili, vimefungwa nailoni, na picha ikapigwa. Vilikuwa viti vya hospitali, vile vya kukunja, vyenye kitambaa cheusi na breki pembeni. Ni viti vizuri, Mheshimiwa, na aliyevinunua hatumlaumu. Nadhani karatasi ilipofika kwake neno “mchezo” lilikuwa limeshaanguka njiani, likabaki neno “viti”. Tulishukuru, na leo tunashukuru tena. Lakini kiti cha kukunja, ukikigonga, hukunja. Zoezi la kwanza kimoja kilipinda fremu. La pili tukapoteza spoku kumi na moja, tulizihesabu, na kidole cha mwenzetu kikaponea chupuchupu. La tatu ndilo watoto wa skuli hii wanalolisimulia mpaka leo. Sheria inasema bao ni pale magurudumu mawili ya kiti yanapovuka mstari, mpira ukiwa kwa mchezaji. Nahodha wetu alivuka na matatu. Kigurudumu cha nne, cha mbele kulia, kilikatika shingo kwenye mgongano, kikamtangulia golini, kikapita chini ya lango la skuli na kukutwa mtaroni. Refa wetu alilikubali bao. Nahodha alipelekwa nyumbani kwa gari la ng'ombe.

Hivi leo, katika vile sita, viwili vinatumika majumbani kwa kazi yake halisi, na vine vimefungwa kwa kamba ya usumba na vipande vya tyubu, kama utakavyoviona katika maonyesho tukimaliza kusoma. Tunaomba usikae mstari wa mbele upande wa kushoto.

Na hapa ndipo penye uchungu, Mheshimiwa. Tangu siku ile ya picha, kila tunakobisha hodi tunajibiwa neno moja: “Nyinyi mmeshapewa viti.” Faili linasema hivyo. Taarifa imeandikwa kuwa kikundi cha raga Pemba kimepatiwa viti sita, kimeridhika na kimeshukuru. Kwa hiyo tumekuwa watu walioshiba kwenye karatasi. Heri tungekuwa hatukupewa kitu, maana asiyepewa hubaki kwenye orodha ya wanaosubiri.

Si kwamba tumekaa tu tukinyoosha mikono. Fundi wa kuchomelea hapa mjini, ambaye hakuwahi kuuona mchezo huu isipokuwa kwenye ile simu yetu, alijitolea akatutengenezea kiti kimoja kwa paipu la maji na nondo, na bampa ya mbele akaitoa kwenye kitanda cha chuma. Tunakiita Kifaru. Hakijavunjika hata siku moja, na kila kinachokutana nacho ndicho kinachovunjika. Tatizo lake ni uzito. Wanaume wawili hukinyanyua kwa “bismillahi”, na mtu wetu wa nusu pointi akikalia hakisukumi zaidi ya hatua tano, basi tunampa mwenye nguvu. Hivyo kiti pekee chenye ndoana anakitumia asiyekihitaji, na anayekihitaji anakaa kwenye kiti cha hospitali akingoja kugongwa. Dada yetu wa Wawi ndiye huyo wa nusu pointi. Hajakosa zoezi hata moja, na kila mara dereva wa daladala humwambia kiti chake kinakula nafasi ya abiria wawili, akamlipisha watatu.

Kwa hivyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja. Mwaka juzi tuliorodhesha mahitaji saba, na yaliyotimizwa haraka yalikuwa filimbi na fulana, tumejifunza. Glavu tunazo, za mafundi ujenzi, tunazizungushia mpira wa tyubu ili zishike. Nauli ya boti kwenda Unguja tutachangishana. Kivuli hatuombi, jua la Pemba tumelizoea. Tunaomba viti vinane vya mchezo wa raga, vinne vya ushambuliaji na vinne vya ulinzi, ili timu mbili ziweze kukutana hapa hapa. Tunajua bei yake. Kiti kimoja kipya ni maelfu ya dola, na hatukutaji kiwango mbele ya watu ili usije ukakosa usingizi. Kama vinane ni vingi, anza na vine, lakini viwili kati yake viwe vya ulinzi. Kama vipya havipatikani, vipo vilivyotumika katika nchi zinazocheza. Hivyo tutavipokea kwa mikono miwili, wenye miwili. Na kama hata hivyo haviwezekani, basi tupatiwe paipu za aluminiamu, beringi na magurudumu, na fundi wetu apelekwe mahali akafundishwe. Akitengeneza Kifaru chepesi, mwakani tutakuwa tunawauzia Unguja.

Tunaomba pia, na hili halina gharama, kwamba kabla ya kununua chochote aje mtu na futi kamba. Atupime nyonga, mapaja na urefu wa mguu, aandike, na karatasi hiyo isafiri pamoja na fedha. Tusipimwe kwa macho. Na lile faili, Mheshimiwa, ukifika ofisini liitishe. Pale palipoandikwa “wamepatiwa viti”, liongezwe neno moja tu: “vya hospitali”. Mlango wetu utafunguka kwa neno hilo.

Haya hatuyaombi kama sadaka. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 30 inazungumzia michezo. Tumeitaja kwa sababu mwaka juzi tuliambiwa michezo ni anasa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwisho tunakuomba jambo dogo la kumbukumbu. Pale mezani, karibu na maji yako, tumekuwekea daftari la ahadi. Tumelianzisha kwa nia njema, ili makatibu wajao wasipate tabu kama niliyoipata mimi chini ya ngazi. Ukurasa wa kwanza ni wa mwaka juzi, wa pili ni wa mwaka jana, na yaliyotimia tumeyatia alama ya wino mwekundu. Ukurasa wa tatu ni wako. Safu ya kwanza ni kitu chenyewe, ya pili ni idadi, ya tatu ni tarehe, ya nne ni saini. Safu ya tarehe tunakuomba usiiache wazi. Wenzako wote wawili waliiacha. Kalamu ipo, tumeifunga kwa uzi.

Tunaomba kuwasilisha.

Mapinduzi daima!

Katibu, kwa niaba ya wachezaji kumi
Chake Chake, Pemba