Swahiba, sikio linadanganya

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Barua yako niliipata mapema, ila kila nikishika kalamu, usingizi nao unanishika mimi. Niwie radhi. Uliniuliza mambo matatu: kama huwa naogopa, kama hisabati yako ya shule itakutosha, na kama uache kazi mwezi ujao uje kusomea urubani. Naanza na la mwisho, maana ndilo linaloweza kukuumiza.

Usiache kazi bado. Nenda kwanza kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, akupime afya kwa kiwango cha daraja la kwanza. Bila cheti hicho hupewi leseni ya rubani wa biashara, na hata ukikipata, kama hujafika miaka 40, utapimwa upya kila baada ya miezi 12. Watachungulia macho, masikio, moyo, mkojo, hata namna unavyotofautisha rangi. Huku nimemwona kijana aliyelipa ada, akanunua na shati lenye mistari ya mabegani, ndipo akagundua kwamba taa nyekundu na ya kijani zinamchanganya. Jambo la asubuhi moja tu! Na hiyo ada usiilipe yote kwa mkupuo, hata wakikuahidi punguzo. Shule niliyoanzia ilifunga milango ghafla. Sisi tuliokuwa tukilipa kidogo kidogo tuliumia kidogo. Waliolipa zote wanazungushwa mpaka leo.

Hisabati isikutishe. Ni kujumlisha, kutoa na kugawanya, isipokuwa unafanya hayo umeshika usukani, redio inakuita, na upepo unakusukuma pembeni. Ninayoipenda ni kanuni ya sitini: ukienda maili 60 ukajikuta nje ya mstari wako kwa maili 1, umepotoka digrii 1. Basi ukiwa umekwenda maili 30, na mto uliopaswa kuwa chini yako unauona maili 2 kushoto, upepo umekutupa kulia kwa digrii 4. Mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Somo lililonitoa jasho ni hali ya hewa, na nitakueleza kwa nini.

Huku watu hawaulizani umri, wanaulizana saa walizoruka. Kiwango cha chini cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga ni saa 40 kwa leseni ya rubani binafsi na 200 kwa ya biashara, au 150 kama unasoma kozi iliyoidhinishwa. Nchi inaweza kupandisha. Marekani, kwa njia ya kawaida, wanadai 250. Mimi nina 187.

Sasa hofu. Siku ya kwanza kuruka peke yangu sikuogopa, nilishangaa tu. Mwalimu aliposhuka na uzito wake, ndege ilipaa kama imefunguliwa kamba, nikafika kimo nilichotakiwa kabla sijajipanga. Hofu yenyewe ilinijia baadaye, mwalimu akiwa kando yangu, tulipoanza kuruka kwa vyombo, yaani kwa kutazama vipimo vya ndani ya ndege tu, bila kutegemea unachoona nje. Aliniambia nifumbe macho, yeye akaongoza. Baada ya muda akauliza, "Tunakwendaje?" Nikajibu bila wasiwasi kwamba tumenyooka. "Fumbua." Ndege ilikuwa imelalia kulia, inazunguka na kushuka. Akainyoosha mbele ya macho yangu, na hapo ndipo mwili wote ukaapa kwamba tunapinduka kushoto. Nilimwona mwenyewe akiwa ametulia, vyombo vinasema tuko sawa, na bado mkono wangu ulitaka kuvuta usukani kurudi kulia.

Kumbe kosa liko sikioni. Ndani ya sikio mna vifereji vitatu vyenye majimaji, na majimaji hayo yakichelewa kusogea ndipo mtu anapohisi kugeuka. Mzunguko ukianza taratibu mno, hayasemi kitu. Ukiendelea kwa kasi ileile, yanaifikia na kunyamaza, nawe unajiona umenyooka. Ukisimamisha mzunguko, yenyewe yanaendelea na kukuambia unageukia upande wa pili. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwajaribu marubani 20 wasio na uzoefu wa vyombo, wakiwekwa katika hali ya kutoona nje kama walio ndani ya wingu. Wote 20 walishindwa kuimudu ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Hazifiki dakika tatu, swahiba.

Namba hiyo nilikuwa naijua kwa moyo siku ya safari yangu ndefu. Leseni ya biashara inadai safari moja ya peke yako isiyopungua kilomita 540, utue na kusimama kabisa katika viwanja viwili tofauti. Kiwanja cha kwanza nilitua vizuri. Katika kipande cha pili, mawingu yaliyotabiriwa kuwa juu yakaanza kuteremka, na vilima vya mbele vikapoteza vichwa. Nilijua la kufanya: kugeuza. Lakini nilianza kupiga hesabu ya saa nitakazopoteza, na mafuta niliyolipia, na aibu ya kurudi mapema. Niliendelea kwa dakika nne. Nilitazama saa, ndiyo maana najua ni nne. Mvua ilipoanza kugonga kioo nikageuza, nikarudi kutua nilikotoka, magoti yakinitetemeka ndege ikiwa tayari imesimama.

Nilimpigia mwalimu simu nikitegemea pongezi kwa kugeuza. Aliuliza swali moja: "Uliyaona mawingu saa ngapi, na uligeuza saa ngapi?" Nikamwambia ukweli. Akanyamaza, kisha akasema nilale hukohuko na nisije kabla anga halijafunguka. Mpaka leo hajanipongeza, na nadhani hatanipongeza. Safari nzima nilikuja kuirudia wiki mbili baadaye, na hakuna cha kusimulia: nilitua, nikatua tena, nikarudi.

Kwa hiyo ndiyo, naogopa. Namwogopa zaidi yule mtu wa dakika nne kuliko injini kuzimika. Injini kuzimika tunaifanyia mazoezi kila wiki.

Nimebakiza saa 13, kisha mtahini, kama mawingu yataridhia. Daktari akikupa majibu niandikie siku hiyohiyo, yawe mazuri au mabaya. Na kikokotoo changu ulichokiazima tangu shule, baki nacho kwanza.

Swahiba wako wa saa 187